Moto wa Mapema Kibiti, na Watu Waliouzima

Vijana wa kituo cha misitu Kibiti, tangu mliponiaga mmekuwa mkinisumbua niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa kabla ninyi hamjaja. Nimekubali. Nyumbani hapa Mahege sina tena pa kuwahi asubuhi, na kuku wangu wamechoka kukaguliwa. Tena nawaona mkivaa buti na kubeba maji kana kwamba mambo hayo yalishuka pamoja na mvua, na ningependa mjue yalitoka wapi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara ilikuwa na adabu, haikutaka kuvitangulia.

Nilitoka chuo cha misitu mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati wa ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni na khanga tena, na kila aliyeweza kununua gunia la kitu chochote akalipeleka mahali pengine alijiita mfanyabiashara. Chuoni nililipenda kuliko yote somo la moto: jinsi unavyopanda mlima mbio na kuushuka polepole, unavyoongozwa na upepo, unavyobadilika tabia kwa majani yaliyo mbele yake. Nikaomba nipangiwe penye nyika na vilima. Wakubwa wakafikiri, wakanipeleka Mbwera.

Mbwera mnaijua. Ni visiwa, vijito, matope na mikoko, na boti iliyonipeleka ilikwama kwenye tope tukakaa humo hadi maji yalipojaa. Mwenyeji wangu, Bi Kibibi, mkulima wa mpunga, aliniuliza nimesomea nini hasa. Nilipomjibu kuwa nimesomea moto, aliyatazama maji yaliyoizunguka nyumba yake, akaniambia karibu sana, hapa hutachoka.

Nilichoka vilevile. Nilikagua vibali vya boriti, nilijifunza kutembea kwenye tope bila kuacha kiatu, na nilijifunza kusubiri. Moto niliuona baada ya mavuno tu, watu walipochoma mabua ya mpunga. Bi Kibibi alikuwa hawashi upande unakotoka upepo. Aliwasha upande unakoelekea, moto ukawa unatembea kinyume cha upepo, mfupi, wa polepole, naye akitembea kando yake na jembe begani huku akinisimulia habari za mawifi zake. Katika kitabu chetu cha chuo moto wa namna hiyo ulikuwa na aya moja na mchoro. Pale Mbwera ulikuwa shughuli ya asubuhi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki yake ugenini.

Baadaye nikahamishiwa Kibiti. Siku hizo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji na ofisi kubwa zote zilikuwa Utete, ng'ambo ya mto. Wenyeji walikwisha kuambiwa kuwa anakuja bwana misitu mpya. Niliposhuka garini na khanga yangu kichwani walimtafuta huyo bwana nyuma yangu. Kwa majuma kadhaa niliitwa bwana misitu mwanamke, hadi watu wakaona jina lenyewe refu kuliko kazi, wakanikata nikawa Bi Misitu. Mpaka leo wapo wasiojua kuwa jina langu ni Mwanahamisi.

Mkuu wangu wa kituo alikuwa Bwana Mketo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye suruali ya kaki ambayo mstari wake wa pasi ulisimama wima hata saa kumi ya jioni. Alinipokea kwa kunipa panga na tupa, akaniambia ninoe kwanza, mengine tutazungumza. Nilinoa mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Akalipitisha panga kwenye jani la mgomba nyuma ya ofisi, akasema sasa linafaa kukatia ugali. Nikanoa tena.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Kila mwaka kabla ya kiangazi tulitembea njia zote za msitu wa hifadhi, hata zile za wakata kuni zisizokwenda popote. Alitaka nijue kila njia inatokea wapi, kwa sababu, alivyosema, kwenye moshi macho hayana kazi, ni miguu inayokumbuka. Alinifundisha kutofautisha nyika yenye miti iliyoachana na majani marefu chini yake, na ule msitu mnene wa mabondeni wenye giza na unyevu, wanakokaa komba na vipepeo, ambao moto ukiingia mara moja hautarudi kuwa vile katika uhai wa mtu. Alivijua vyote viwili kama sebule yake.

Lakini moto aliuchukia, na alitaka uchukiwe wote. Sheria yetu ilikuwa moja: moto marufuku, mahali popote, mwezi wowote. Bwana Mketo alikuwa amesimamisha vibao kila njia panda, vimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwamba moto ni adui wa msitu. Vilikuwa vya mbao kavu na rangi ya mafuta, kwa hiyo kila kiangazi ndivyo vilivyoungua kwanza. Naye kila masika aliviandika upya, kwa herufi nzuri zaidi.

Mambo yalikuwa yakigeuka. Biashara ilipofunguliwa, barabara ya Dar es Salaam ilijaa malori. Mkaa uliotakiwa mjini haukuwa na mwisho, magogo nayo yalitakiwa, na ndani ya msitu yakaota matanuri ya mkaa, mengine yakiachwa na makaa ya moto ndani wenyewe walipokimbia kutuona sisi. Majani yaliyokuwa yamezuiwa yasichomwe mwaka hadi mwaka yalilaliana, marefu kuliko mtu, makavu kama karatasi. Kisha wakati wa upepo wa kiangazi cheche moja ilitosha. Moto ulitoka msituni, ukaingia kwenye mikorosho ya watu ikiwa na maua, na mkorosho ukiungua wakati huo familia imepoteza mwaka mzima.

Ninyi mnapigiwa simu. Sisi ilipigwa ngoma, na waliokuja walikuja walivyokuwa: mwingine pekupeku, mwingine na kandambili, wengi na mashati ya nailoni yaliyokuwa fasheni siku zile. Silaha ilikuwa matawi mabichi. Walizima tangu asubuhi hadi jua linashuka, bila kula, bila zamu, na maji ya kunywa yalikuja kama mtu amekumbuka. Kikosi chetu kilikuwa na kiongozi mmoja tu wa kweli, Salehe Ngwele, mkulima wa mikorosho, mtu mzima wa makamo, mwenye mabega mapana na mzaha usiokauka. Hakuajiriwa na mtu. Alizima moto kwa sababu shamba lake lilipakana na hifadhi, na kwa sababu alikuwa hawezi kuona watu wanakimbilia kitu naye akabaki ameketi.

Kiangazi changu cha pili pale, tulipigana na moto mkubwa kwenye miinuko ya kaskazini ya hifadhi. Ulikuwa umeanzia kwenye tanuri lililotelekezwa. Mchana, joto likiwa limezidi, niliona Salehe hatoi tena jasho. Uso wake ulikuwa mkavu na mwekundu kama udongo. Nikamwita, akanijibu kwa kuniita jina la marehemu mama yake, akaniagiza nimpikie muhogo. Tulidhani ni mzaha wake wa kawaida na wawili watatu wakacheka. Halafu akaanguka.

Tulimbeba hadi barabarani. Gari la ofisi lilikuwa bovu, kama ilivyokuwa desturi yake kila lilipohitajika. Lori la kwanza lililopita lilikuwa limebeba magogo ya mninga, na dereva aliponiona na sare yangu alitaka kuruka atokomee porini. Nilimwambia ashike usukani. Tukampandisha Salehe juu ya magogo, nikammwagia mwilini maji yote tuliyobaki nayo, nikampepea kwa khanga njia nzima hadi kituo cha afya. Magogo yale hayakuwa na alama hata moja ya nyundo ya misitu, ile inayogongwa kwenye magogo yenye kibali. Nilikuwa nimekalia ushahidi, na kwa muda ule haukunihusu.

Tabibu wa kituo alihangaika naye hadi jioni. Alipotoka alituambia mgonjwa atapona, ila joto na moshi vimemfika pabaya, na kama tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kifua chake, alisema, kisitegemewe tena kwa kazi ya moshi. Dereva alikuwa bado amesimama nje, angeweza kuondoka. Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikaliandikia lori lake kosa. Aliniuliza kwa upole kama siku nyingine akimwona mgonjwa ampite. Nikamwambia ambebe, ila juu ya magogo yenye kibali.

Baada ya juma moja hivi mke wa Salehe, Bi Tatu, alikuja ofisini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikataa kiti. Bwana Mketo alikuwa mezani akiandika taarifa ya moto ule kwenda Utete, naye akamuuliza anaandika nini. Mzee akamweleza: ukubwa wa eneo lililoungua, aina ya miti, hasara.

"Mti ukiungua mnauandika," Bi Tatu akasema. "Mume wangu mmemwandika wapi?"

Taarifa zetu hazikuwa na mahali pa watu. Bi Tatu akatuambia tena, kwa sauti ileile ya chini, kwamba yeye haukatai msitu, amezaliwa kando yake, lakini kama msitu unalindwa kwa kuwachoma wanaoulinda basi sisi tuliosoma tukae tufikiri upya. Akaaga, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufikiri muda mrefu, ila sikuwa nimethubutu kusema. Siku ile nilisema. Nilimwambia Bwana Mketo kuwa kosa letu si kwamba tunauzima moto vibaya tu. Kosa ni kwamba tunaulimbikizia chakula. Nyika hii imezoea kuungua tangu zamani. Tukiinyima moto mdogo, tunaiwekea akiba ya moto mkubwa. Masika yakiisha, majani yakiwa na njano juu na kijani chini, tuchome sisi wenyewe, viraka viraka, jioni upepo ukitulia, tuanzie kandokando ya mashamba. Mabonde yenye msitu mnene tusiyaguse kabisa, tuyazungushie kinga ya majani yaliyokwisha kuchomwa. Kiangazi kikifika, moto wa tanuri utakuta hakuna cha kula.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama ninajua ameandika vibao vingapi maishani mwake. Sikujua. Akasema hata yeye hajui, akachukua kofia akatoka.

Zikapita siku kadhaa. Asubuhi moja akaniita nimfuate. Tulitembea hadi upande ule ulioungua, kila kitu cheusi, mashina yamesimama kama nguzo za nyumba isiyoezekwa. Katikati ya weusi ule kulikuwa na shamba la mikorosho, kijani kama kisiwa. Mwenyewe alikuwa amechoma majani ya kuzunguka shamba lake mwezi wa sita, kwa kificho, maana ilikuwa kosa. Moto mkubwa ulipofika ulimzunguka ukaenda zake. Bwana Mketo alilizunguka shamba lote. Akaniuliza nani alimpa ruhusa mtu huyu. Nikasema hakuna.

"Basi tusimuulize," akasema.

Ilibidi tukaombe ruhusa Utete, kwenye kikao cha wilaya. Tulivuka mto kwa pantoni, mzee na suruali yake ya kaki, mimi na karatasi zangu. Nilieleza nilivyoweza. Ukumbini ikaanza minong'ono, halafu vicheko. Mjumbe mmoja akauliza kwa heshima zote kama, baada ya watu wa misitu kuomba kuchoma msitu, wiki ijayo hospitali nayo itaomba kueneza malaria. Ukumbi wote ulicheka, nami nikacheka, kwa sababu alikisema vizuri. Lakini moyoni nilijua tumeshindwa.

Ndipo Bwana Mketo akasimama. Walimjua, alikuwa amewasumbua wengi wao kwa habari ya moto.

"Waheshimiwa, mimi nimeupiga marufuku moto miaka yote ya kazi yangu," akasema. "Haujanisikia."

Walicheka tena, lakini cheko hili lilikuwa la upande wetu. Akaendelea taratibu. Aliwaeleza habari ya kisiwa cha mikorosho bila kumtaja mwenye shamba. Aliwaeleza habari ya Salehe, na hapo akamtaja kwa jina kamili na kijiji chake. Alisema yuko tayari kuandikwa kuwa yeye ndiye aliyewasha, ikiharibika. Tukapewa upande mmoja tu wa hifadhi, ule unaopakana na mashamba, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Kwenye pantoni wakati wa kurudi nilimwona anafuta viatu vumbi kwa kitambaa, jambo alilolifanya akifurahi.

Ruhusa haikuja na vifaa. Hapo ndipo ruksa ilipotusaidia. Mitumba ilikuwa imeanza kufika Kibiti kwa marobota, na ndani ya marobota hayo mlikuwa na buti za watu wa nchi za baridi, ngozi nene, nyingine zina manyoya ndani. Wenye mikorosho walichanga, wafanyabiashara wa mnadani walitupunguzia, tukapata buti za kikosi kizima, ingawa si wote waliopata zinazofanana kushoto na kulia. Nguo nilizichagua mwenyewe: pamba nzito, jinzi, basi. Vijana walilalamika kuachishwa mashati yao ya nailoni, kwa hiyo nilichukua kipande cha shati moja mbele yao nikakiwasha. Kiliyeyuka, kikadondoka matone yanayowaka. Hakuna aliyelalamika tena.

Mmoja tu, Hamisi, alijichagulia koti la sufu la kike, jekundu, lenye vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa. Nilitaka kumkataza, ila sufu kweli haishiki moto upesi, na siku za baridi kidogo za mwezi wa sita lilimpendeza. Kiangazi alilivua mwenyewe kabla sijamwambia. Alisema moto wa nje anauweza, wa ndani ya koti hapana.

Matawi tuliyaacha. Tulikata mipira ya kuzuia tope inayoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori, tukaipigilia kwenye mipini mirefu, tukapata pigio: unaubana moto chini kwa mpira, huupigi kwa hasira ukarusha cheche. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa za mikorosho tuliyaosha, tukayaosha tena, tukayajaza maji. Na sheria za watu tuliziandika vibaoni, pale palipokuwa pakiandikwa adui wa msitu. Hakuna kuingia bila kula. Unakunywa kabla ya kiu. Unafanya kazi zamu yako na unatoka, umechoka hujachoka. Mwenye kikohozi anabaki nyumbani, na hakuna wa kumcheka.

Tatizo lilikuwa nani atawasimamia watu wazima wanywe maji. Salehe alikuwa amepata nguvu, na kukaa nje ya kazi kulikuwa kunamuumiza kuliko kifua. Bi Tatu ndiye aliyepata jibu. Alisema yeye atapika uji na kusimamia mapipa, na mumewe akae mbali na moshi, na filimbi, aite watu watoke. Tukamfanya Salehe kuwa bwana maji. Akipuliza filimbi akakutaja, unatoka, uwe nani, hata kama ni mkuu wa kituo. Aliuliza mara mbili kama kweli hata mkuu wa kituo. Bwana Mketo akamwambia hasa huyo.

Siku ya kuchoma mara ya kwanza tulitangaza misikitini na kwenye mikutano ya vijiji, ili asishtuke mtu. Watu wakaja kutoka hadi Ikwiriri, wamevaa kama wa harusini, kuona watu wa serikali wanachoma msitu. Tuliwasha saa kumi na moja jioni, upepo wa kusi ukiwa umelegea, tukianzia upande unakoelekea upepo kama nilivyoona Mbwera. Moto ulitembea. Ulikuwa wa kufika magotini, ukila majani ya njano na kuacha vishina vya kijani, ukipita chini ya miti bila kuunguza jani la juu. Ulipofika kwenye njia ya miguu ulizimika wenyewe. Mama mmoja aliyekuja na wanawe alinisogelea akaniuliza moto wenyewe utaanza saa ngapi. Nilipomwambia ndio huo umekwisha, alinitazama kwa huruma, akakusanya wanawe. Umati ulitawanyika kabla ya magharibi, umeudhika kweli. Sijapata kuudhi watu kwa raha namna ile.

Umande ukashuka, majivu yakapoa. Kabla mwezi haujaisha majani mapya yalikuwa yamechipua na swala wamekuja kuyala. Bwana Mketo alikuwa akienda kuyatazama kila Ijumaa baada ya sala, eti anapita tu.

Lakini mwezi wa sita si mtihani. Mtihani ulikuja kiangazi, kutoka miinuko ileile ya kaskazini. Tulikuta moto umeshachukua bonde dogo na unakuja na upepo mgongoni, moshi wake wa rangi ya kahawia, sauti yake kama mvua kubwa juu ya mabati. Mwaka uliotangulia kikosi kingeukimbilia uso kwa uso. Safari hii tuliusubiri kwenye ukanda tuliouchoma. Tulikuwa tumepanga watu ubavuni, wamekula, wanapokezana. Nilikuwa na hofu isiyoelezeka. Kama ukanda usingeshika, mashamba yote ya chini yangekwenda, na mimi ndiye niliyewaambia watu waamini.

Ulifika kwenye ukanda ukasimama. Ulinyoosha ulimi huku na huku, ukakosa cha kushika, ukafifia mbele yetu. Watu wa kando waliubana kwa mapigio hadi ukaisha.

Ilibaki kona moja ya magharibi, nje ya ukanda, kwenye miche ya mninga iliyojiotea yenyewe na ambayo nilikuwa nikiilinda kwa wivu. Niliingia huko na watu wawili. Zamu yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nikasikia filimbi, nikasikia naitwa Bi Misitu. Nilijifanya sikusikia. Filimbi ikalia tena, karibu zaidi. Salehe alikuwa amekuja hadi ukingo wa moshi, mahali ambapo yeye mwenyewe hakutakiwa kufika.

"Kaka Salehe, dakika chache tu," nikamwambia. "Miche hii itakwenda."

"Itaota mingine," akasema. "Toka, dada. Sheria umeiandika wewe."

Alianza kukohoa. Nikaelewa kuwa hataondoka mimi nikiwa ndani, na kila neno nililokuwa nambishia alikuwa analilipia yeye kwa kifua chake. Nikawaita wale wawili, tukatoka. Bi Tatu alinikalisha kivulini, akanipa kata ya maji yenye chumvi na sukari, akasimama juu yangu hadi nikaimaliza. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa namna ambayo sikuwa nimeihisi hadi nilipokaa. Kutoka pale niliitazama kona yangu ikiungua. Iliniuma, sitawadanganya. Lakini mikorosho yote ilikuwa nyuma yangu, salama, na jioni ile kila aliyekwenda alirudi kwa miguu yake, akala, na Hamisi akatusimulia uongo wa moto aliouzima peke yake. Taarifa ya safari hiyo Bwana Mketo aliianza na majina ya watu na hali zao. Miti aliiandika baada ya watu.

Majaribio ya mwaka mmoja hayakuwahi kufutwa, wala sidhani kama kuna aliyekumbuka kuyafanya kuwa ya kudumu. Tuliendelea tu. Bwana Mketo alistaafu, akarudi kwao, akafa mzee akiwa na mikorosho yake. Salehe yupo, kifua chake kinambishia msimu wa baridi, na bado anaamini hakuna anayekunywa maji ya kutosha wilaya nzima. Vijiji vingine vilitaka kuchoma kama sisi, na baadhi yao ilibidi niwakataze, maana walikuwa na mabonde manene na wangeyamaliza. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyobaki ngumu hadi siku ya mwisho: kuwaambia watu moto ni mzuri, halafu kuwaambia si hapa. Mtakutana nayo. Msichoke kuieleza.

Mwezi wa sita uliopita, wa kwanza tangu nistaafu, nilikuwa uani hapa Mahege nikipeta mchele, nikasikia harufu ya moshi. Nilisimama. Nilikuwa nimefika mlangoni nikitafuta buti ndipo nikaona pikipiki zenu zinapita, na yule binti yenu mpya, Rehema, akasimama kuniamkia. Nikamuuliza upepo unatoka wapi, akanijibu. Nikamuuliza nani leo amebaki nje kwa sababu ya kikohozi, akanitajia, akaniambia na mgonjwa mwenyewe amekasirika. Nilikuwa na swali jingine, ila nilimwona anatazama jua na mimi namchelewesha.

Nikamwambia nenda, mwanangu. Nikarudi kwenye ungo wangu. Moshi ulikuwa mweupe, umelala chini, na kabla sijamaliza kupeta ulikuwa umekwisha.